Gari Linapotetemeka Katika Barabara Kuu: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Vipuri

Gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne linaweza kwenda vizuri mjini, kisha likaanza kutetemeka linapofikisha kilomita 90 au 100 kwa saa katika barabara kuu. Mwenye gari hulipeleka gereji, akauziwa tairi, mtetemo ukabaki. Akauziwa shokabu, mtetemo ukabaki. Kasoro inapopatikana hatimaye kwenye propela, amekwisha kulipia vipuri ambavyo gari lake halikuvihitaji.

Tunaeleza hapa namna ya kufuatilia chanzo cha mtetemo hatua kwa hatua. Usalama ndio wa kwanza: mtetemo ukianza ghafla, punguza mwendo taratibu, egesha mahali salama, kisha ukague nati za magurudumu na ubavu wa kila tairi. Ukikuta nati imelegea au tairi imevimba, usiendelee na safari kabla ya kurekebisha.

Kwa nini mtetemo huja na mwendo wa kasi

Kitu kinachozunguka kikiwa kizito zaidi upande mmoja, hutikisa gari kwa kila mzunguko. Mwendo ukiongezeka maradufu, nguvu ya mtikisiko huo huwa mara nne. Ndiyo maana kasoro isiyohisika kwa kilomita 50 kwa saa hudhihirika kwa kilomita 100.

Tairi ya kipimo cha 265/65 R17, inayotumika katika magari mengi ya aina hii, huzunguka takriban mara 11 kwa sekunde gari likienda kilomita 100 kwa saa. Propela, yaani mhimili unaopeleka nguvu kwenye difu, huzunguka karibu mara nne kwa kila mzunguko wa gurudumu, hivyo hufikia takriban mara 45 kwa sekunde. Tofauti hiyo huhisika: gurudumu hutikisa, propela huvuma.

Maswali manne ya kujibu kabla ya kwenda gereji

Safiri na mwenzako atakayeandika majibu, na usizidishe mwendo unaoruhusiwa.

1. *Mtetemo unahisika wapi?* Ukiwa kwenye usukani, shuku magurudumu ya mbele. Ukiwa kwenye kiti au sakafu, shuku magurudumu ya nyuma au propela.
2. *Unafuata mwendo wa gari au mngurumo wa injini?* Egesha gari, weka gia huru, kisha kanyaga mafuta. Likitetemeka likiwa limesimama, chanzo kiko kwenye injini au mipira inayoishikilia.
3. *Unabadilika unapokanyaga na kuachia mafuta?* Ukibadilika, viungo vya propela huenda vimelika. Kasoro ya gurudumu kwa kawaida haibadiliki kwa sababu hiyo.
4. *Unatokea unapofunga breki pekee?* Hapo kagua diski za breki.

Anza na kisicho na gharama kubwa

Kwanza, osha magurudumu, hasa upande wa ndani wa rimu. Tope la barabara ya murram likikauka humo hutosha kuharibu usawa wa gurudumu. Pima pia upepo wa tairi zikiwa hazijapata moto.

Pili, omba magurudumu yafanyiwe balansi, na rimu zikaguliwe kama zimepinda. Alaimenti ni kazi nyingine: hurekebisha mwelekeo wa magurudumu, wala haichukui nafasi ya balansi. Soma pia tarehe ya tairi ubavuni. Tarakimu 2319 zina maana kwamba tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Tatu, hamisha magurudumu ya mbele yaende nyuma, iwapo tairi zote ni za kipimo kimoja. Mtetemo ukihama kutoka usukani hadi kiti, kasoro iko kwenye gurudumu. Nati zikazwe kwa spana yenye kipimo, na zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Nne, ikiwa magurudumu hayana kasoro, mwambie fundi akague propela zote mbili, ya mbele na ya nyuma: viungo vilivyolika, ukosefu wa grisi, na mhimili uliogongwa na jiwe. Propela ikifunguliwa, fundi atie alama ili irudishwe katika mkao ule ule. Ikiwa gari limeinuliwa kwa springi ndefu, pembe ya propela imebadilika, na hilo peke yake linaweza kuleta mtetemo.

Haki zako gereji

Mpe fundi majibu yako ya maswali manne kwa maandishi. Mwombe akague kwanza na akueleze alichokiona, kisha ndipo mzungumzie vipuri. Malipo ya ukaguzi ni halali mkikubaliana mapema, na mara nyingi ni madogo kuliko bei ya kipuri kisichohitajika.

Nchini Kenya, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu inayohusu matengenezo ya magari. Sehemu hiyo inagusa makadirio ya gharama, idhini ya mteja, na kurudishiwa vipuri vilivyotolewa. Kwa hiyo omba makadirio kwa maandishi, usiruhusu kazi usiyoikubali, na sema mapema kwamba unataka vipuri vya zamani. Kiungo kilicholika huonekana kwa macho na huchezacheza mkononi, kisichocheza kiulizie.

Kabla ya kulipa, safiri na fundi kwa mwendo ule ule uliokuwa ukileta mtetemo. Ukibaki, yaandikwe kwenye risiti yaliyofanywa na yasiyotatuliwa. Risiti hiyo, makadirio na vipuri vya zamani ndivyo ushahidi wako iwapo utalazimika kuwasilisha malalamiko.