Mita ya Maji Nayo Ipimwe



Ugomvi wa bombani tunaujua wote. Mama anasema maji yamepungua, fundi anaangalia mita anasema hapana, ni yale yale. Nani mkweli? Mwezi huu tuongee juu ya mita yenyewe, maana nayo ni chombo tu, inachoka na inakosea.

Tuanze na haki yetu. Kwa kambi iliyokwisha kutulia, UNHCR inalenga lita 20 kwa mtu kwa siku. Kitabu cha viwango cha Sphere cha mwaka 2018 kinasema zisipungue 15, na koki moja isihudumie watu zaidi ya 250, ikitoa lita 7.5 kwa dakika.

Kwa nini mita inakosea

Ndani ya mita nyingi kuna kigurudumu kinachozungushwa na maji. Mchanga ukiingia, kinakuwa kizito na mita inasoma pungufu. Tena pale maji yanapofunguliwa kwa masaa machache, mabomba yanabaki na hewa. Maji yakirudi, hewa inasukumwa na kuzungusha mita kama vile ni maji. Hapo inasoma zaidi.

Tuseme zimepita lita 200, mita inasoma 230. Karatasi itaandika kila mtu kapata lita 20, kumbe ni 17 na kidogo. Familia ya watu 6 inakosa lita kama 16 kila siku, karibu bidoni nzima. Na mita ya bombani ikisoma pungufu, ile kubwa ya kwenye tanki itaonyesha maji mengi yametoka. Watu wataanza kuitana wezi bure.

Namna ya kuipima

1. Anza na dumu (bidoni). Mengine yakijaa hadi mdomoni yanapita lita 20. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Pima dumu tupu kwenye mizani, tia maji mpaka uzito uongezeke kilo 20, weka alama hapo.

2. Funga koki zote za bomba. Kama kigurudumu cha mita bado kinazunguka, kuna maji yanavuja baada ya mita.

3. Fungua kidogo hewa itoke, kisha funga. Andika namba za mita. Nyeusi ni mita za ujazo: kila 1 ni lita 1,000, sawa na madumu 50. Nyekundu ni lita zilizo chini ya hapo.

4. Jaza madumu 10 mpaka kwenye alama, bila kumwaga. Maji hayo wenye foleni wabebe, yasipotee. Andika namba tena.

5. Toa namba ya kwanza kwenye ya pili. Ipatikane 200. Rudia mara 3.

Mita mpya ya kawaida inaruhusiwa kukosea asilimia 2, yaani lita 4 juu au chini kwa lita 200. Ikizidi sana hapo, msiifungue wenyewe. Pelekeni namba zote, tarehe na saa kwa kamati ya maji, fundi aje kuisafisha au kuibadilisha.

Bomba lisilo na mita

Hapo tumia saa au simu. Koki nzuri inajaza lita 20 kwa dakika 2 na sekunde 40. Ikichukua dakika 4, inatoa lita 5 tu kwa dakika. Ikifunguliwa masaa 8 ni lita 2,400. Gawa kwa watu 250: hata lita 10 kila mtu hapati.

Kipimo kifanyike mchana, fundi na wamama wawili watatu wa foleni wakiwepo. Namba ziandikwe kwenye daftari la bomba, na pande zote mbili ziweke sahihi. Siku ya mkutano wa kamati, lije daftari hilo, siyo kelele.