Krismasi ya Wenye Kusherehekea na Krismasi ya Wenye Kulinda

Kila ufikapo mwezi wa Desemba, orodha ya ruhusa ndiyo karatasi isomwayo kuliko zote katika makambi ya jeshi na vituo vya polisi. Wachache hupata kwenda nyumbani. Walio wengi hubaki zamu, kwa kuwa siku ambayo raia hupumzika ndiyo siku ambayo kazi ya mlinzi huzidi. Basi ni haki askari asimamaye lindoni tarehe 25 ajiulize: je, nalinda nini hasa? Sikukuu hii ni ya nani, nayo ina maana gani kwa hao wanaoisherehekea na kwa wale wasioisherehekea?

Swali hili si la makasisi peke yao. Mlinzi asiyeijua thamani ya kitu anachokilinda hukilinda nusunusu.

Tuanze nyumbani. Wamisionari wa Kianglikana walifika katika baraza la Kabaka Mutesa wa Kwanza mwaka 1877, na wale wa Kikatoliki wakafuata mwaka 1879. Kiswahili kilikuwa kimekwisha kutangulia, kikiletwa na wafanyabiashara wa pwani, na alama yake imebaki hata katika jina la siku yenyewe. Waganda huiita Ssekukkulu, neno lililotokana na “sikukuu” yetu ya Kiswahili. Majirani zetu wa Kongo na Burundi, ambao walitawaliwa na wenye kusema Kifaransa, huiita Noeli.

Kwa Mkristo, maana ya kwanza ya siku hiyo ni kuzaliwa kwake Yesu, na ndiyo sababu makanisa ya Rubaga na Namirembe hujaa mpaka watu wakasimama nje. Lakini ibada ikiisha, maana ya pili hushika nafasi, nayo ni kurudi nyumbani. Juma moja kabla ya sikukuu, vituo vya mabasi vya Kampala hufurika wasafiri, nauli hupanda, na bei ya kuku haishikiki. Watoto hushonewa nguo mpya. Katika Buganda, ndizi hufungwa katika majani ya mgomba zikapikwa kwa mvuke, na kando yake huwekwa luwombo, yaani nyama iliyopikiwa ndani ya jani pamoja na mchuzi wake. Katika Teso, wazee hukizunguka chungu kimoja cha pombe ya ulezi, kila mmoja na mrija wake mrefu, na mambo ya ukoo huzungumzwa hapo. Mwenye kurudi mikono mitupu huona haya; ndiyo maana wako watu mjini ambao Krismasi huwapita wakiwa wamejifungia chumbani, si kwa kukosa imani bali kwa kukosa zawadi ya kumpelekea mama.

Wala Wakristo wote hawakubaliani kuhusu tarehe. Ndugu zetu wa Ethiopia huadhimisha sikukuu hii, ambayo wao huiita Genna, tarehe 7 Januari kwa hesabu yetu. Kabla yake hufunga kwa muda wa siku 43, bila nyama, maziwa wala mayai. Kisha siku yenyewe huvaa shuka nyeupe, husali tangu usiku, na kufungua kwa mchuzi wa kuku. Vijana hucheza mchezo wa kupiga mpira kwa fimbo zilizopindika, nao mchezo huo una jina lile lile la sikukuu. Jeshi la Ethiopia lilipojiunga na kikosi cha Umoja wa Afrika nchini Somalia mwaka 2014, wanajeshi wa Uganda na Burundi waliokuwa huko tangu mwaka 2007 walipata wenzao wa silaha ambao tarehe 25 Desemba walikuwa wangali katika mfungo.

Hata pale Bethlehemu penyewe, sikukuu huja mara tatu. Wakatoliki na Waprotestanti huadhimisha tarehe 25 Desemba. Wagiriki wa Orthodoksi na Wakopti hufuata kalenda ya kale ya Kirumi, ambayo katika zama zetu imechelewa kwa siku 13, nao huangukia tarehe 7 Januari. Waarmenia husubiri mpaka tarehe 18 na 19 Januari. Kanisa la Kuzaliwa Yesu hulindwa kwa pamoja na Wagiriki, Wakatoliki na Waarmenia, na kila upande huujua mpaka wake, hata wa mahali pa kufagia. Mwishoni mwa Desemba 2011, watawa wa Kigiriki na wa Kiarmenia walipokuwa wakisafisha kanisa hilo walipigana kwa mifagio. Waliowatenganisha ni polisi wa Palestina, ambao wengi wao ni Waislamu. Msomaji asicheke upesi. Polisi wale hawakuingia kuamua ni nani mwenye haki ya kufagia. Waliingia kurudisha amani katika nyumba ya ibada isiyokuwa yao, na hiyo ndiyo kazi ya polisi po pote duniani.

Kisha wako wasioisherehekea. Mashahidi wa Yehova hawaiadhimishi kabisa. Waadventista wa Sabato hawaihesabu kuwa sikukuu iliyoamriwa na Maandiko, ingawa wengi wao hukusanyika na jamaa zao siku hiyo. Kule Mbale wako Abayudaya, jamii ya Wayahudi iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Naye Kakungulu alikuwa mtu wa vita kabla ya kuwa mtu wa dini. Waislamu humheshimu Nabii Isa, na Sura ya 19 ya Kurani ina jina la mama yake, Mariamu. Lakini sikukuu zao kuu ni Idi mbili, ambazo Uganda imezifanya kuwa siku za mapumziko ya taifa kama ilivyo Krismasi. Kutokana na hayo imezaliwa katika makambi desturi njema: askari Mwislamu hushika lindo la mwenzake Mkristo siku ya Krismasi, na Mkristo hulilipa deni hilo siku ya Idi. Hakuna hotuba ya umoja inayoishinda desturi hiyo.

Hata hivyo, yuko mwingine anayeijua tarehe ya Krismasi vizuri kama sisi, naye ni adui. Tarehe 14 Desemba 2008, majeshi ya Uganda, Kongo na Sudan ya Kusini yalizishambulia kambi za Joseph Kony katika mbuga ya Garamba. Waasi wa LRA walitawanyika. Siku kumi baadaye, kuanzia mkesha wa Krismasi, waliviingilia vijiji vya Haut-Uele, pande za Faradje na Doruma, ambako watu walikuwa wamekusanyika kwa sikukuu na ulinzi ulikuwa hautoshi. Katika muda wa majuma machache waliwaua raia zaidi ya 800 na kuwachukua watoto wengi. Somo hilo ni chungu, nalo halifai kufichwa: wajibu wa askari hauishi anapomtimua adui kutoka maskani yake, huendelea mpaka ahakikishe huyo adui hataangukia meza ya mwanakijiji.

Tarehe 25 Desemba 2014, Al-Shabaab waliishambulia kambi ya Halane mjini Mogadishu saa za chakula cha mchana cha Krismasi, wakawaua wanajeshi watatu wa Umoja wa Afrika na raia mmoja. Nasi wa Kampala tuliwahi kuonja uchungu wa namna hiyo tarehe 11 Julai 2010, watu zaidi ya 70 walipouawa kwa mabomu wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Mkusanyiko wa furaha ndio autafutao muuaji.

Kwa hiyo, askari wa zamu akipekua mikoba mlangoni mwa kanisa, na afanye hivyo kwa makini lakini kwa adabu, akikumbuka kwamba bibi yule mwenye kikapu huenda amekwenda kwa miguu tangu alfajiri. Kwenye kizuizi cha barabarani, zawadi ya abiria si ya askari. Mlevi achukuliwe kama mtu wa kuokolewa kabla ya kuwa mtu wa kushtakiwa, ila yule aliyeshika usukani asionewe huruma. Na asiyesherehekea asiulizwe kwa dhihaka kwa nini duka lake liko wazi. Zaidi ya yote, pombe na bunduki visikutane. Chungu cha rafiki kinaweza kungoja mpaka zamu iishe.

Nao makamanda wanayo sehemu yao. Ruhusa igawanywe kwa zamu na kwa haki, ili aliyekaa lindoni mwaka jana asikae tena mwaka huu. Mshahara ukitoka mapema, fedha ziende kwa mke na watoto kabla hazijafika kantini. Askari aliye mbali apewe nafasi ya kupiga simu nyumbani, maana mtoto aliyesikia sauti ya baba yake siku hiyo amepata sehemu yake ya sikukuu.

Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Mwananchi anayekula, anayesali, anayelala hata mapema kwa kuwa siku hiyo si yake, wote hao huiona amani ikielea bila kumwona aliyeiunda. Huyo yuko kwenye kona ya barabara, koti limelowa umande, macho yako wazi. Zamu njema, ndugu askari.