Kilo zako zinaingia ku hesabu wakati gani?

Wandugu wakulima, tuchukue mfano. Siku ya kwanza mama mmoja analeta serizi za kahawa ku kituo cha kuoshea: kilo 42. Siku ya tatu analeta 35, siku ya tano 28. Siku hiyo ya tano anapita ku biro ya kooperative, anaomba kuona hesabu yake. Karani anafungua ordinatere: sufuri. Mama anatoka akisema: «Ile mashini imekula kahawa yangu!»

Pengine haijakula kitu. Ordinatere iko na namna mbalimbali za kufanya hesabu, na kila namna iko na wakati wake. Kama hatujui kooperative yetu inatumia namna gani, hatuwezi kujua kama ni wakati wa kungoja ao wa kudai.

Namna ya kwanza: kwa fungu

Hapa makaratasi yote ya juma yanawekwa pamoja. Siku ya posho karani anayaingiza, na ordinatere inafanya hesabu ya wote mara moja. Namna hii ni ya zamani sana. Kule Marekani, kuhesabu watu kwa mwaka 1880 kulichukua karibu miaka 8. Kwa hesabu ya 1890, Herman Hollerith alileta mashini yenye kusoma makarata yenye matundu, na makarata ya watu zaidi ya milioni 62 yalipitishwa mafungu kwa mafungu. Kazi ilienda mbio zaidi.

Uzuri wake: haiombi rezo, na umeme wa masaa machache unatosha. Kwa malipo ya juma ao ya mwezi, inafaa kabisa.

Ubaya wake: karatasi moja ikibaki mfukoni mwa mpimaji, ordinatere haitauliza iko wapi. Kama ile ya siku ya tatu imepotea, mama yetu atalipwa kilo 70 pahali pa 105. Mashini haikukosea, imejumlisha vizuri kile ilichopewa.

Namna ya pili: papo hapo

Hii munaijua tayari, juu ya feza ya simu: M-Pesa, Airtel Money, Orange Money. Ukituma franka, hesabu haingoji siku ya posho. Feza inatoka kwako na kuingia kwa mwenzako katika tendo moja: ama yote mawili yafanyike, ama hata moja lisifanyike. Ingekuwa kingine, feza ingepotea katikati ya njia.

Lakini mesaji ya kuhakikisha inaweza kuchelewa hata kama feza imekwisha kufika. Usitume tena mbio mbio! Angalia kwanza kiasi kilichobaki kwako, kisha uulize mwenzako. Wengi wametuma mara mbili sababu ya haraka.

Namna ya tatu: kuweka, kisha kutuma

Mara mingi pale tunapopimia kahawa rezo hakuna. Kwa hiyo kuna programu za simu zenye kuweka vipimo ndani ya simu yenyewe, na kuvituma ku biro rezo ikirudi. Serizi haziwezi kungoja, zinapaswa kumenywa siku ile ile. Lakini hesabu yake inaweza kungoja bila kuoza.

Hatari ni mbili. Simu ikianguka ndani ya maji mbele ya kutuma, vipimo vyote vinakwenda nayo. Na rezo ikikatika katikati, simu inaweza kutuma kipimo kile kile mara ya pili: kilo 28 zinakuwa 56. Usifurahi! Feza ya kilo ambazo hazipo itatoka ndani ya sanduku la wote. Dawa yake ni nyepesi: kila kipimo kiwe na namba yake pekee. Ordinatere ikiona namba iliyokwisha kuingia, inaikataa.

Tuulize nini ku mkutano?

Mbele ya mavuno, kila kikundi kiulize komite maswali haya:

1. Kilo zetu zinaingia ku ordinatere siku gani na saa ngapi?
2. Kila kipimo kiko na namba yake, na namba hiyo inaandikwa ku karatasi ya mkulima?
3. Nani anahesabu makaratasi mbele na nyuma ya kuyaingiza, ili tujue kama yote yamepita?
4. Simu ao ordinatere ikiharibika, kopi nyingine iko wapi?

Na wewe, mama, baba, chunga karatasi yako mpaka siku ya malipo, katika namna zote tatu. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ordinatere ni daftari mbio, lakini haikukuona ukibeba ule mufuko ku mlima. Inajua tu kile kilichoandikwa.