Lamborghini: Rekodi za Fahali Aliyezaliwa na Trekta

Mtu wa Same akifika Treviglio, mji mdogo kaskazini mwa Italia, atalikuta jina la kwao limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye boneti za matrekta: SAME. Waitaliano hulitamka vilevile tunavyolitamka sisi. Kiwanda hicho kilianzishwa mwaka 1942 na ndugu wawili, Francesco na Eugenio Cassani, na jina lake ni kifupi cha maneno ya Kiitaliano ya mambo ya injini. Hakina udugu wowote na mji wetu ulio miguuni pa milima ya Upare. Ila mwaka 1973 SAME ilinunua kiwanda kingine cha matrekta, cha bwana mmoja aliyeitwa Ferruccio Lamborghini.

Naam, Lamborghini huyohuyo. Wanaosimulia rekodi zake huanza na kasi. Mimi naanza na shamba.

Mashine ya kwanza

Ferruccio alizaliwa mwaka 1916 katika kijiji cha Renazzo, mtoto wa wakulima ambaye karakana ilimvuta kuliko jembe. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa fundi makanika wa jeshi la anga katika kisiwa cha Rhodes. Aliporudi nyumbani alikuta wakulima wana njaa ya mashine, na vita vimeacha malundo ya magari ya jeshi yasiyo na kazi. Akachukua injini za Morris zilizotupwa, akazitengenezea kifaa cha kuziwezesha kuwaka kwa petroli kidogo kisha kuendelea kwa dizeli, maana petroli ilikuwa haishikiki bei. Mwaka 1948 akafungua Lamborghini Trattori.

Sisi wa huku hatuhitaji kuelezwa sana habari za mtu wa namna hiyo. Wahunzi wa ukoo wa Washana, kule Ugweno, waliyeyusha chuma na kufua majembe na silaha zilizovuka mpaka kwa Wachaga, miaka mingi kabla ya reli kupita Same. Fundi anayekipa chuma chakavu kazi mpya ni mtu tunayemjua.

Ugomvi uliozaa mengi kuliko ugomvi wowote wa karakana

Matrekta yalimtajirisha, akanunua Ferrari. Hadithi aliyopenda kuisimulia mwenyewe ni kwamba klachi ilimsumbua mno, na alipoifungua akaiona ni ya aina ileile anayofunga kwenye matrekta yake. Akaenda kumlalamikia Enzo Ferrari. Enzo, kwa simulizi hiyo, akamjibu kwamba mwendesha trekta hajui kuendesha Ferrari.

Mwaka 1963 Ferruccio akafungua kiwanda cha magari Sant'Agata Bolognese. Injini ya kwanza, yenye silinda 12, ilibuniwa na Giotto Bizzarrini, aliyewahi kuwa mhandisi wa Ferrari. Gari la maonyesho lilipelekwa Turin mwaka huohuo likiwa halina injini. Inasemekana boneti ilifungwa imara na chini yake wakapanga matofali ili gari likae sawa. Gari la kuuzwa, 350 GT, lilitoka mwaka 1964, na yalitengenezwa 120 tu.

Kasi

Mwaka 1966, Geneva, ikaja Miura iliyochorwa na Marcello Gandini, na injini yake imelala kwa upana nyuma ya dereva. Ilifika takriban kilomita 280 kwa saa, na kwa magari ya kuuzwa dukani wakati ule hapakuwa na la kuikaribia kirahisi. Kwa mwendo huo Same hadi Moshi ni dakika 23 hivi, kama barabara ingekuwa tupu, bila vijiji, bila matuta wala basi lililobanwa na kikomo cha kilomita 80. Jina Miura ni la mfugaji wa Kihispania wa mafahali wa mapigano. Toka hapo majina ya mafahali yakawa desturi ya nyumba hiyo. Rekodi ya uwanja wa Nürburgring ilifuata mwaka 2018: Aventador SVJ ilizunguka kilomita 20.6 kwa dakika 6 na sekunde 44.97, na wakati huo hapakuwa na gari la kuuzwa lililowahi kufanya haraka zaidi.

Bei ni habari fupi. Veneno ya mwaka 2013 iliuzwa euro milioni 3 kabla ya kodi, kwa wanunuzi watatu tu.

Gumu kuliko yote

LM002, iliyotengenezwa kuanzia 1986 hadi 1993, ndiyo ningeichagua kwa barabara ya kupanda Mbaga wakati wa masika. Ni gari refu la kwenda juu, lenye injini ya silinda 12 ya gari lao la kasi, Countach, uzito wa zaidi ya tani mbili na nusu, magurudumu ya kukanyaga mchanga bila kuzama na tangi la lita 290. Yalitoka kama 300 hivi.

Lilitoka kwa fedha za Afrika, jambo ambalo wengi hawalijui. Kampuni ilifilisika mwaka 1978, na waliokuja kuiokoa ni ndugu wa ukoo wa Mimran, ambao utajiri wao ulitokana na sukari na unga wa Senegal. Sisi tunaokunywa chai kwa sukari ya TPC ya Arusha Chini tunaweza kulifikiria hilo vizuri: miwa ya bara letu iliwahi kulipa mishahara ya mafundi wa Sant'Agata.

Safari ninayoiheshimu kuliko zote

Novemba 2020 polisi wa Italia walipeleka figo ya kupandikizwa kutoka Padua hadi hospitali ya Gemelli, Roma, kwa Lamborghini Huracán yenye jokofu kwenye buti ya mbele. Karibu kilomita 490 kwa saa mbili hivi. Umbali huo hautofautiani sana na Same hadi Dar es Salaam. Nikiisoma habari hiyo nawafikiria wanaougua ghafla juu milimani usiku wa mvua, wakashushwa kwa machela mabegani mwa majirani mpaka pale gari linapoweza kufika. Katika rekodi zote za kasi, hii peke yake ndiyo iliyokuwa na mtu anayeisubiri.

Waliodumu

Kiwanda cha magari kimepita mikono ya Waswisi, ndugu Mimran, Chrysler na Waindonesia, hadi Audi ilipokinunua mwaka 1998. Mwaka 2023 kiliuza magari 10,112, mara yake ya kwanza kuvuka 10,000. Matrekta yamehama mara moja tu, mwaka 1973, na hayajaondoka tena katika nyumba ya SAME. Huko bado yanatengenezwa, yakiwemo yale membamba ya kupita katikati ya mistari ya mizabibu. Mpunga wa Ndungu uko tambarare na trekta lolote litaulima. Hayo membamba ndiyo ningependa kuyaona yakijaribiwa kwetu juu, kwenye tangawizi ya Mamba Miamba, yakiwa yametoka katika nyumba yenye jina la mji wetu.