Asili ya Mgombea na Uamuzi wa Mpigakura: Mfano wa Jimbo la Singida Mjini, 2005–2015

Makala hii inafafanua ni kwa kiasi gani rangi na asili ya mgombea huathiri uamuzi wa mpigakura. Mwaka 2005, wapigakura wa Singida Mjini, ambao wengi wao ni Waafrika, walimchagua Mohammed Dewji, Mtanzania mwenye asili ya India, kuwa mbunge kupitia Chama Cha Mapinduzi (CCM). Alichaguliwa tena mwaka 2010 na kuhudumu hadi 2015.

Kihistoria, rangi iliwahi kuwa sharti la kisheria. Katika uchaguzi wa 1958–1959, kila mpigakura wa Tanganyika alilazimika kuwapigia kura wagombea watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Katika uchaguzi wa 1965 sharti hilo halikuwapo tena, na kampeni za kuchochea rangi, kabila au dini zilikatazwa. Hata hivyo, Derek Bryceson, Mzungu, na Amir Jamal, Mwasia, walichaguliwa.

Ushindi wa Dewji unaweza kuelezwa kwa sababu tatu zinazoingiliana. Kwanza, ni mzawa wa Singida. Uzawa ulimpa hadhi ya mwenyeji. Pili, alisimama kwa tiketi ya chama tawala. Tatu, alikuwa mfanyabiashara mwenye uwezo mkubwa wa mali. Sababu ya pili haijitoshelezi, kwani mwaka huohuo wa 2010 Tundu Lissu wa CHADEMA aliishinda CCM katika jimbo jirani la Singida Mashariki.

Nchini Marekani athari ya rangi hupimika kwa urahisi zaidi. Mwaka 2008, mahojiano na wapigakura waliotoka vituoni yalionesha kuwa Barack Obama alipata takribani asilimia 95 ya kura za Weusi na asilimia 43 ya kura za Weupe. Nchini Tanzania, matokeo rasmi hayabainishi kura kwa rangi wala kabila la mpigakura.

Kwa hiyo, mfano wa Singida unathibitisha kuwa asili ya kigeni si kizuizi kisichovukika. Hauthibitishi kuwa rangi haina uzito. Kipimo cha haki zaidi kingekuwa mgombea wa asili hiyohiyo asiye na mali wala tiketi ya chama tawala. Hadi hapo, ushindi wa Dewji usichukuliwe kuwa ushahidi wa usawa wa raia wote mbele ya sanduku la kura.