Maji ya Msimbazi na Bodi ya Simu

Mto Msimbazi wa Dar es Salaam ukifurika, barabara ya Jangwani hufungwa, mabasi ya mwendokasi husimama, na nyumba za bondeni, Magomeni Suna na Kigogo, huingiliwa na maji yaliyobeba tope, mafuta na uchafu wa vyoo. Siku chache baadaye redio na simu zilizookolewa hufika mezani kwa mafundi. Wenyewe wameshazianika juani. Zimekauka kabisa, mbona haziwaki?

Haziwaki kwa sababu kilichoondoka ni maji tu. Chumvi yake imebaki kati ya miguu ya vifaa vidogo vya bodi, inanyonya unyevu wa hewa ya pwani, na umeme wa betri ukipita hapo shaba huanza kuliwa. Ule ukungu wa kijani kwenye bodi ndio ushahidi.

Mafundi wengi hukimbilia spiriti. Ni dawa nzuri, ila ina kazi yake. Alkoholi ya isopropili huyeyusha flaksi ya kuchomelea na mafuta mepesi, lakini ile safi ya asilimia 99 karibu haiyeyushi chumvi kabisa. Chumvi huyeyushwa na maji. Kwa hiyo bodi iliyozama, ikishatolewa betri, skrini na spika, isuguliwe kwanza kwa mswaki laini na maji yaliyokenekwa, yale ya kuongezea kwenye betri za gari (asidi ya betri ni kitu kingine, isiguse bodi!). Kisha ndipo alkoholi ipite kuyaondoa maji hayo na kukauka haraka. Spiriti ya asilimia 70 ya duka la dawa ina maji karibu theluthi moja, hivyo hukawia kukauka.

Petroli na thina ni habari nyingine. Thina hula plastiki na kuipasua. Petroli huacha utando, na mvuke wake ni mzito kuliko hewa: hutambaa chini ya meza ukingoja cheche. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Hata alkoholi hutoa mvuke wa kuwaka kuanzia nyuzi 12, na Dar es Salaam haijui baridi hiyo. Fikiria kibanda chembamba cha Mtaa wa Aggrey, hita ya kuchomelea imewashwa.

Upande wa baridi kuna ufundi unaonifurahisha zaidi. Makopo ya kugandisha yana gesi kama R-134a, inayochemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Bodi yenye shoti hupuliziwa hadi ifunikwe na theluji nyembamba, kisha hupewa umeme mdogo uliodhibitiwa. Kifaa chenye shoti hupata joto kabla ya vingine, na theluji huyeyuka juu yake kwanza. Kosa lililokuwa limejificha linaonekana kwa macho matupu. Baada ya hapo bodi ikaushwe vizuri, maana theluji ile ni unyevu wa hewa yetu. Soma pia kopo: baadhi yamejazwa butani, nayo huwaka.

Kemikali za jamii ya R-134a zina historia yake. Zamani viwanda vilisafisha bodi kwa CFC-113, ikachangia kutoboa tabaka la ozoni hadi Itifaki ya Montreal ya 1987 ikaanza kuikomesha. R-134a haigusi ozoni, lakini hupasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 kuliko hewa ukaa, ndiyo maana makubaliano ya Kigali ya Oktoba 2016 yanataka ipunguzwe. Puliza kidogo, pale panaposhukiwa tu.

Na unapoifunga tena bodi, kuna ile pesti nyeupe ya kupitishia joto la prosesa: kazi yake ni kujaza mianya ya hewa. Hupitisha joto makumi ya mara kuliko hewa, lakini iko mbali sana na shaba. Ikipakwa nene inakuwa blanketi. Paka nyembamba.

Fundi mwenzangu, chupa ya petroli iondoke mezani leo, na mlango ubaki wazi unaposafisha.