Mwereka, Mzaha na Utani: Kwa Nini Tunacheka Mwenzetu Anapoanguka?

Mtu mzima aliyevaa suti iliyonyooka anapita njiani kwa madaha. Mara anakanyaga ganda la ndizi. Miguu inakwenda juu, kofia inaruka, naye anaketi matopeni. Watazamaji wanaangua kicheko. Kichekesho cha namna hii hakihitaji lugha wala elimu. Ndicho kilichompatia umaarufu Charlie Chaplin katika filamu zisizo na sauti mwanzoni mwa karne ya 20, na ndicho alichokitumia Mwingereza Rowan Atkinson katika Mr. Bean, kipindi kilichoanza mwaka 1990.

Ndugu yake wa karibu ni mzaha wa kamera iliyofichwa. Mwaka 1948 televisheni ya Marekani ilianza kuonyesha Candid Camera, kipindi cha Allen Funt ambamo watu wa kawaida walifanyiwa mizaha pasipo kujua kwamba wanatazamwa. Televisheni ilianza Zanzibar mwaka 1973, na Tanzania Bara mwaka 1994. Leo hii, mjini Kyela na katika vijiji vya ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, mkulima wa mpunga, mvuvi na mwanafunzi huweza kuketi mbele ya kioo kimoja na kucheka mwereka ule ule.

Baadhi ya wazazi na walimu husikitishwa na kicheko hiki. Huuliza: Je, si ukatili kufurahia aibu na maumivu ya mwenzio? Swali hilo ni la haki, na sayansi ina la kusema juu yake.

KICHEKO NA MWILI

Kicheko ni cha kale kuliko lugha. Mwaka 1872 Charles Darwin alieleza kwamba sokwe wachanga wakitekenywa hutoa sauti inayofanana na kicheko. Watafiti wa baadaye, wakiwemo wale wa Gombe mkoani Kigoma, wamewaona sokwe wakikimbizana, wakiangushana na kutekenyana huku wakihema kwa sauti hiyo na midomo ikiwa wazi. Ishara hiyo ina maana moja: "Huu ni mchezo, si vita." Bila ishara hiyo, kuumwa kidogo kwa mzaha kungeweza kuzusha ugomvi wa kweli.

Kwa binadamu, kicheko kimebaki kuwa jambo la jamii. Robert Provine, mtaalamu wa elimunafsi wa Marekani, aligundua kwamba watu hucheka takriban mara 30 zaidi wanapokuwa pamoja na wengine kuliko wanapokuwa peke yao. Naye Robin Dunbar wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzake, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011, walipima uwezo wa watu kustahimili maumivu kabla na baada ya kutazama filamu. Waliocheka sana walistahimili maumivu zaidi kuliko wale waliotazama filamu zisizochekesha. Watafiti hao walihitimisha kwamba kicheko huuchochea ubongo kutoa endofini, yaani kemikali za mwili zinazotuliza maumivu na kuleta raha. Hii ni sababu mojawapo inayowafanya watu waliocheka pamoja wajihisi kuwa kitu kimoja.

KOSA LISILO NA MADHARA

Lakini kwa nini mwereka, hasa? Katika karne ya 17 mwanafalsafa Mwingereza Thomas Hobbes alifundisha kwamba mtu hucheka anapojiona ghafla kuwa bora kuliko mwingine. Maelezo hayo yana ukweli, ila hayatoshi. Kama ubora peke yake ungetosha, tungemcheka mgonjwa anayeanguka wodini, nasi hatumcheki.

Mwaka 2010 wataalamu wawili wa Marekani, Peter McGraw na Caleb Warren, walitoa maelezo yanayoziba pengo hilo. Kwa maoni yao, jambo huchekesha mambo mawili yanapokutana kwa wakati mmoja: kwanza, kanuni fulani imevunjwa, pili, mtazamaji anaona kwamba uvunjaji huo hauna madhara. Bwana mwenye suti amevunja kanuni ya heshima, lakini anainuka mzima. Asipoinuka, kicheko hukatika mara moja. Kwa hiyo kinachofurahiwa katika mwereka si maumivu yenyewe. Ni usalama wa kosa.

MKWE NA MWENZI WA RIKA

Wazee wa Kyela walilijua jambo hili kabla ya televisheni. Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, waliandika juu ya mila mbili zilizoonekana kupingana. Mila ya kwanza ilimtaka mke amwepuke kabisa baba mkwe wake. Hapo mzaha haukuwa na nafasi hata kidogo. Mila ya pili ilikuwa ukwangala, yaani raha ya kukaa na kuzungumza na wenzi wa rika moja. Katika vijiji vya rika vya wakati huo, ucheshi na maneno ya kuchekesha yalihesabiwa kuwa sehemu ya malezi mema. Kila mtu alijua nani wa kufanyiwa mzaha na nani wa kuheshimiwa.

Mpangilio huo haukuwa wa Wanyakyusa peke yao. Nchini kote Tanzania umekuwapo utani: kati ya babu na mjukuu, kati ya watoto wa shangazi na wa mjomba, na hata kati ya makabila mazima. Wangoni na Wahehe, waliopigana vita katika karne ya 19, ni watani. Katika baadhi ya makabila mtani huthubutu hata kuuzuia msafara wa maziko mpaka apewe chochote. Wafiwa hutabasamu katikati ya machozi. Mwaka 1940 mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown alieleza kwamba katika uhusiano wa namna hii mmoja huruhusiwa, na mara nyingine hulazimika, kumfanyia mwenziwe mzaha, naye mwenziwe hatakiwi kukasirika.

Kwa lugha ya McGraw na Warren, utani ni mkataba unaoliondolea kosa madhara yake. Mkataba huo una masharti matatu. Watani hujuana. Mzaha huenda na kurudi, kwani anayetania leo atataniwa kesho. Tena, utani una wajibu: mtani yule yule anayekutukana kwa mzaha ndiye anayekuja kukusaidia msibani.

TELEVISHENI IMEPUNGUZA NINI?

Sasa tofauti yaonekana wazi. Katika igizo, mwigizaji amekubali kuanguka, amejifunza namna ya kuanguka, na hulipwa kwa kuanguka. Katika mzaha wa kamera ya siri, anayeshtuliwa hamjui anayemshtua, hana nafasi ya kulipiza, na mchezaji hana wajibu wowote kwake. Kinachobaki ni mhariri wa kipindi, ambaye hutuonyesha mwathiriwa akicheka mwishoni ili nasi tuamini kwamba hakuna aliyeumia. Raha ya utani imechukuliwa, mkataba umeachwa.

Hatari huwa kubwa zaidi mzaha unapotoka katika kioo na kuingia darasani. Kipindi cha Marekani kiitwacho Jackass, kilichoanza mwaka 2000, kilitoa onyo kwa watazamaji wasiige vitendo vyake. Hata hivyo wako vijana walioiga wakaumia. Mwanafunzi anayemvutia mwenzake kiti anapotaka kuketi hufikiri ameandaa kichekesho. Lakini mwili unaoanguka bila kujiandaa hutua kwa uzito wake wote juu ya kifandugu, na mfupa huo huweza kuvunjika au uti wa mgongo kuumia. Karibu na Matema, ambako miteremko ya Milima ya Livingstone huingia ziwani na kina huongezeka ghafla, kumsukuma majini mtu asiyejua kuogelea si mzaha hata kidogo. Aidha, picha ya aibu iliyonaswa kwa simu huendelea kusambaa hata baada ya kicheko kwisha.

MASWALI MATATU

Haifai, basi, kuwakataza vijana kucheka mwereka, kwani kicheko hicho kimo katika maumbile yao. Yafaa kuwafundisha kukipima. Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi mfano wa mzaha wowote waliouona, kisha wajibu maswali matatu: Je, aliyefanyiwa mzaha angekubali kama angeulizwa kabla? Je, anayo nafasi ya kuurudisha? Je, kama angeumia, aliyemfanyia mzaha angekuwa wa kwanza kumwinua?

Jibu likiwa "ndiyo" mara tatu, huo ni utani, na wote watatoka wakiwa marafiki zaidi. Jibu likiwa "hapana", kilichobaki ni kosa lenye madhara, hata kama darasa zima linacheka.